Ua Linalouma Kidole

Jirani yangu Modesta ana ugonjwa mmoja: akipanda kitu, hawezi kukiacha udongoni kikapumua. Kesho yake utamkuta ameinama na kijiti, anachokonoa, anataka kujua kimefikia wapi. Viazi vyake amevitoa na kuvirudisha mara nyingi mpaka navionea huruma. Nimemwambia, "Mama Rose, hata mimba haifunguliwi ikaangaliwa," naye hucheka, halafu anachokonoa tena. Ugonjwa huo hakuuokota barabarani. Aliurithi kwa mama yake mzazi, na habari za huyo mama ndizo zilizonifanya mimi Truphosa, muuza dagaa, nishike kalamu.

Tunaishi Ilemela, Mwanza, upande wa vilimani, ambako kila nyumba imejipenyeza kati ya mawe. Mimi ni mtu wa Rorya, nimeletwa huku na ndoa. Modesta ni Mkerewe wa Nansio, ng'ambo ya ziwa, aliyeolewa na Msukuma, fundi seremala aitwaye Malimi, mtu mpole anayegombana na wadudu tu. Nyumba yao na yangu zimetenganishwa na jiwe moja kubwa kama lori lililoharibika. Kwa nyuma wana kipande cha bustani, na mpaka mwaka jana kilikuwa bustani ya watu wenye akili timamu: mchicha, chainizi, nyanya chungu, bamia kidogo pembeni.

Sasa huyo mama yake. Anaitwa Wilhelmina, na kule Nansio jina lake la utani ni Mama Kwa Nini. Alikuwa akiuza machungwa bandarini, lakini sidhani kama alikuwa anauza kweli. Alikuwa anahoji abiria. Gunia hilo lina nini? Mtoto huyo mbona ana vidole virefu? Unakwenda kwa nani, na huyo mtu anajua kama unakuja? Siku moja aliacha machungwa yake gatini akapanda kivuko kwenda kumuuliza fundi wa mitambo injini inapumulia wapi. Fundi akamweleza, yeye akauliza la pili, akauliza la tatu, na walipotoka juu kupunga upepo Nansio ilikuwa imeshapotea nyuma yao. Alilala Mwanza kwa binti yake siku hiyo, bila chungwa hata moja, amefurahi kama aliyetoka harusini. Padri wao naye inasemekana alijifunza kumaliza mahubiri haraka na kutokea mlango wa pembeni.

Halafu macho yakaanza. Presha ya macho, wanaiita. Haikumnyang'anya kwa mara moja. Ilianza kumla pembeni, ikasogea katikati, na walipomleta hospitali huku mjini ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Daktari alimwita nje mtoto wa kiume, Alexander, akamwambia kilichokwenda hakirudi, matone atakayopewa ni ya kupunguza maumivu tu. Alexander akarudi ndani, akamshika mama yake bega, akasema, "Dawa itachukua muda, mama." Baadaye akamwambia Modesta ukweli na kumwapisha asiutoe. Eti mama asivunjike moyo.

Na yule mama hakuuliza. Hakuuliza muda gani, hakuuliza dawa gani, hakuuliza daktari alikuwa na sauti gani alipokuwa akisema. Na tangu siku hiyo hakuuliza kitu kingine chochote. Ukimwambia chakula tayari, anasema, "Sawa." Ukimwambia mvua inakuja, "Sawa." Nilikwenda kumpa shikamoo pale kwa Modesta, alikobaki baada ya hospitali, nikajaribu kumchokoza, nikamwambia leo nimeona samaki mwenye kichwa cha ajabu sokoni. Mtu yule wa zamani angenifanya nikamlete huyo samaki. Akasema, "Marahaba mwanangu. Sawa." Nilitoka pale nimefadhaika, na mimi si mtu wa kufadhaika hovyo.

Ndipo Modesta aliponiambia, tukiwa tumeegemea lile jiwe kila mmoja upande wake, "Jirani, mimi habari ya macho nimeshaikubali. Kilichonishinda ni hii 'sawa' yake. Nataka aniulize kitu. Chochote kile. Hata kama ni chumvi iko wapi."

Nikamwambia ampe muda. Akaniambia muda hana, maana Alexander ameshasema mwezi wa nane anakuja kumchukua. Na hapo Alexander hakuwa na kosa, kwa sababu kwetu sisi watu wa ziwani mama hukaa kwa mtoto wake wa kiume, hakai kwa mkwe. Kwa Malimi hasa ilikuwa kazi. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, kwa Wasukuma na kwa Wakerewe pia. Wakikutana njiani mmoja anapinda. Basi walimpa Mama Wilhelmina chumba cha nyuma, chenye mlango wake unaofungukia bustanini, na Malimi akabaki na upande wa mbele. Akitaka kupita nyuma kuchukua mbao zake, anakohoa kwanza, kikohozi kikubwa cha mtu asiyeumwa, na mama mkwe anavuta khanga anajifunika uso. Asiyeona ndiye anayejifunika. Nilicheka sana siku ya kwanza, mpaka Modesta akaniambia nirudi kwangu.

Mbegu zilitoka kwa Rose, binti yao wa kwanza. Anafanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Arusha, kazi ya kufunga maboksi. Alituma pakiti kwa basi, ameificha ndani ya soksi kana kwamba ni dhahabu. Kwenye simu akamwambia mama yake kwamba Wazungu wanaliita ua la joka, kwa sababu lina mdomo. Ukilibana mashavu linafunua mdomo, ukiachia linafumba. Ukiacha kidole ndani, linakiuma.

"Linauma?" Modesta akauliza. "Linauma vipi? Lina nguvu? Linafumba lenyewe?"

"Linauma bila kuumiza, mama. Watoto wanalichezea."

Nilikuwepo. Nilimwona Modesta akigeuka kutazama mlango wa chumba cha nyuma, simu bado ikiwa sikioni. Alipokata simu akaniambia taratibu, "Jirani, hilo ni ua ambalo hata asiyeona analiona." Kuanzia hapo nikajua mchicha wetu umekwisha.

Tulifungua pakiti juu ya jiwe, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na mwanga. Ndani kulikuwa na kitu kama ugoro. Nasema kama ugoro kabisa: unga mweusi, mwepesi, hata chembe moja huwezi kuishika. Nikainama kuangalia na Modesta akanifunika pua kwa kiganja. "Usipumue!" Mimi sikupumua, lakini ziwa lilipumua. Upepo ulipanda kutoka chini, ukachota sehemu ya ule ugoro, ukaumwaga huko na huko juu ya jiwe. Modesta alipiga yowe kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akaifunga pakiti, akaibana kifuani, na tukaendelea na kazi kwapani mwa nyumba, mahali pasipofikiwa na upepo.

Alizipanda kama tunavyopanda sote. Alitengeneza kitalu kizuri, udongo umechekechwa, samadi iliyooza vizuri, mifereji imenyooka. Alichukua nusu ya mbegu, kwa sababu mkulima wa kwetu hamalizi mbegu zake zote siku moja, akazipanda kwenye mifereji, akazifukia, akatandaza nyasi kavu juu kama kitalu cha nyanya au kabichi, akamwagilia asubuhi na jioni. Ulikuwa mwezi wa nne, mvua zinanyesha. Kama ni nyanya, zingeota zote na nyingine tungegawa kwa majirani.

Hakikuota kitu. Wiki zilipita. Modesta akachokonoa, naam, lakini ugoro ndani ya udongo utauonaje? Akaazima miwani ya kusomea ya mtu mwingine akalala kifudifudi kwenye kitalu. Malimi akamkuta hivyo akadhani ameanguka. Alimpigia Rose, na Rose akasema yeye anafunga maboksi, hajui wanaopanda wanafanyaje. Maua humfikia yakiwa yameshakatwa. Nikamwambia Modesta, "Umetumiwa ugoro wa kweli, mpe mzee yeyote anuse." Hakucheka. Nilijua basi kwamba jambo limemkaa moyoni, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ni zawadi kubwa.

Jioni alikuwa akienda kukaa na mama yake mlangoni. Alimweleza kila kitu: mama, nimepanda ua fulani. Sawa. Mama, halijaota. Sawa. Mama, sijui nimekosea wapi. Sawa. Modesta aliniambia kwamba ilikuwa kama kutupa mawe kwenye kisima na kukosa kusikia maji.

Kilichofuata nilikiona mimi kwanza, na sitakubali mtu aseme vinginevyo. Nilikuwa naanika dagaa upande wangu wa jiwe. Jiwe lile lina ufa unaolipasua katikati, umejaa mchanga na majani yaliyooza, na ndani ya ufa nikaona vijani vidogo, vya kijani kibichi, viwili viwili. Nikaona ni magugu nikanyoosha mkono kuving'oa. Modesta alikuwa ng'ambo, akasema, "Acha!" kwa sauti ambayo hajawahi kunitolea mimi.

Akaja na ile miwani. Akatazama. Akazunguka jiwe akakuta vingine viwili kwenye kishimo, na kingine peke yake mahali ambapo mtu mwenye akili asingepanda hata mgagani. Vyote vilifanana. "Magugu hayafanani hivi," akasema. "Magugu huja na jamaa wa aina aina."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni zile za upepo." Akakaa juu ya jiwe, mdomo wazi. "Kule nimelisha samadi, nimefunika, nimelinda. Hapa hazina udongo wa maana, zimepigwa jua, zimepigwa mvua. Hapa kuna nini ambacho kule hakuna?"

Nilisema labda zinapenda mawe. Akatikisa kichwa. Alikwenda kitaluni, akarudi, akaenda tena, akasimama katikati kama mtu aliyesahau alichofuata. Mara akashika kichwa kwa mikono miwili. "Hizi hakuna aliyezifukia," akasema. "Truphosa, mbegu hizi zinataka kuona. Nimezitia gizani na nyasi juu, zimefia humo."

Alisema hivyo na hapo hapo machozi yakamtoka, na sote wawili tulijua hakuwa akililia mbegu. Nikazunguka jiwe nikaenda kumkumbatia na harufu yangu ya dagaa.

Nusu iliyobaki aliipanda siku iliyofuata. Safari hii alichukua beseni bovu lenye matundu chini, akajaza udongo na mchanga laini wa ziwani, akausawazisha kama chapati, akazinyunyiza mbegu juu na kuzikandamiza kwa kiganja. Hakufukia. Mikono yake ilikuwa ikisogea yenyewe kutaka kufukia, nikaiona, akaizuia akaificha chini ya kwapa. Kwa kuwa maji ya juu yangezisomba, aliliweka beseni ndani ya karai lenye maji, udongo ukanyonya kutoka chini. Juu akafunika nailoni nyeupe ya kupitisha mwanga, na juu ya nailoni chandarua chakavu, kwa sababu ya kuku wangu, ambao hawana adabu.

Baada ya wiki mbili hivi beseni lilikuwa limepigwa rangi ya kijani. Furaha ikawa kubwa, akamwagilia kupita kiasi, na nusu ya miche ikavunjika shingo na kulala chini kwa siku moja. Hakulia tena. Alifunua nailoni, akaacha upepo uingie, akajifunza kuingiza kidole kwenye udongo kwanza kabla ya kugusa maji. Iliyopona akaihamishia bustanini, mahali pa chainizi. Ilipofika urefu wa kidole akaikata vichwa. Malimi, akichungulia kwa mbali, akaniuliza kama mke wake ni mzima. Lakini kila mche uliokatwa kichwa ulitoa matawi mawili, matatu, ukawa kichaka. Aliacha ile ya kwenye jiwe tu, maana juu ya jiwe hakupagusa. Ufa wenyewe ulikuwa ukiilea. Kuku wangu waliila yote isipokuwa mmoja wa kwenye ufa, na naomba ieleweke kwamba niliwafungia baada ya hapo. Uliobaki ulisimama peke yake, mwembamba, kichwa chake hakijakatwa.

Mwezi wa saba maji ya bomba yakawa ya shida kama kawaida ya kilimani, kila mtu akawa na ndoo zake. Modesta alinawa uso na maji akayapeleka kwa maua. Aliosha mboga, maji akayapeleka kwa maua. Alikuwa akihesabu siku za Alexander kimoyomoyo; nilikuwa namwona anavyotazama upande wa ziwani kila kivuko kinapopiga honi, akitazama pia ule mche wa jiweni, uliokuwa umeanza kubeba vijicho vya kijani kwenye ncha. Alikuwa akivigusa. Vilikuwa vigumu, vimefumba kabisa, havina mdomo wowote. Aliniambia, "Kama Rose alinidanganya, nitapanda basi niende Arusha." Na kila jioni kule mlangoni: mama, limekaribia. Sawa.

Alexander alikuja siku mbili kabla ya ile tuliyomtarajia. Aliingia asubuhi na mkungu wa ndizi, mwanaume mnene mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi, mkarimu, mwenye haraka. Alitaka wageuze na kivuko cha mchana. Modesta hakumjibu salamu vizuri. Alikuwa ameshatoka mbio nyuma ya nyumba.

Nilikuwa kwenye jiwe. Kwenye ule mche, maua ya chini kabisa yalikuwa yamefunguka usiku ule: mekundu ya kukolea, na katikati doa la njano, midomo imefumba, minene, kama watoto waliokataa uji. Modesta alilibana moja mashavu. Likafunua. Akaliachia, likafumba. Tulitazamana tukapiga kelele pamoja kama wasichana.

Akaenda kumchukua mama yake kwa mkono. "Mama, njoo uguse kitu."

"Sawa," akasema Mama Wilhelmina, akainuka.

Tulimkalisha kwenye kigoda kando ya jiwe. Alexander alikuja nyuma yetu, begi la mama yake begani, akitazama saa ya simu. Modesta akavishika vidole vya mama yake, kidole gumba na cha shahada, akaviweka kwenye mashavu ya ua, akavibana taratibu. Kisha akakichukua kidole cha mkono wa pili akakiingiza mdomoni. "Sasa achia, mama."

Akaachia. Ua likafumba kwenye kidole chake.

Alishtuka akauvuta mkono wote mpaka kifuani. Hata kuku walinyamaza, wale wasiojua kunyamaza. Halafu mkono ukatoka tena kifuani, wenyewe, ukaenda polepole ukilipapasa jiwe, ukaupata mche, ukapanda nao, ukalipata lile ua. Akabana. Akaingiza kidole. Akaachia. Akarudia. Akarudia tena.

"Lina meno?" akauliza.

Modesta alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Ilibidi mimi nijibu. "Halina, mama."

"Mbona humu ndani kuna vinyweleo?" akauliza. "Na ulimi? Huu ni ulimi au ni shavu la chini? Modesta, uko wapi? Linalala hivi limefumba? Mvua ikinyesha linafanyaje? Nani kalipanda juu ya jiwe?"

"Upepo, mama," Modesta akasema, analia na kucheka kwa pamoja.

"Upepo unapandaje?" Kisha hakungoja jibu, kichwa amekiinamisha, vidole bado vinafanya kazi. "Ngoja. Maua yote yako wazi ili wadudu waingie. Hili limefunga mlango. Sisi tukiwa hatupo, nani analifungua?"

Hata Modesta, aliyelipanda na kulilaza na kuliamsha, hakuwahi kujiuliza hilo, na nilimwona akiona aibu kwa mara ya kwanza katika mambo ya udadisi. Ndipo kikasikika kikohozi kikubwa kutoka pembe ya nyumba, na baada ya kikohozi sauti ya Malimi, ambaye alikuwa amejificha na kusikiliza kila kitu. "Mwambieni mama," akasema, maana hawezi kusema naye moja kwa moja, "ni yule nyuki mweusi mnene anayetoboa boriti zangu. Nimemwona tangu asubuhi. Mdogo hana nguvu."

Mama Wilhelmina alivuta khanga akajifunika uso kwa adabu. Kutoka ndani ya khanga akasema, "Mwambieni mkwe asimuue."

"Mwambieni mama nimesikia," Malimi akajibu kwa unyonge, na ninajua kwamba alikuwa na kopo la mafuta ya taa mkononi kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Tukasubiri. Alexander alilishusha begi. Yeye mama ndiye aliyemsikia wa kwanza, kabla yetu tuliokuwa na macho. Alinyanyua kidole. "Anakuja." Nyuki akaja akivuma kama pikipiki ya mbali, akazunguka mche, akatua kwenye mdomo wa ua kwa uzito wake wote. Ua likafunuka. Akaingia mzima mzima na mlango ukafungwa nyuma yake, na mlio wake ukawa mdogo, wa ndani, kama mtu anayeongea chini ya blanketi. "Ameingia," Mama Wilhelmina akanong'ona. Baadaye mlio ukafunguka tena. "Ametoka. Katoka kinyumenyume?"

"Kinyumenyume, mama," Modesta akasema. "Mgongo umejaa unga."

Alicheka. Nilikuwa sijawahi kukisikia kicheko chake. Alikuja kwetu akiwa ameshakiacha Nansio. Alicheka mpaka khanga ikaanguka mabegani, na wala hakuiokota. Kisha kicheko kikapungua, mkono umeshika shina la ua. Mimi nilidhani amechoka.

"Alexander," akasema.

"Naam, mama."

"Macho yangu yatarudi?"

Alexander akapumua. Niliona jinsi alivyolipanga lile neno kinywani, lile la siku zote. "Mama, dawa inachukua..." Akamtazama dada yake.

"Hayatarudi, mama," Modesta akasema.

Upepo ukapita juu ya jiwe. Yule mama alitikisa kichwa kidogo, mara nyingi. "Nilijua," akasema. "Nilijua siku ile ile. Ila mimi maswali yangu hutoka kwa kufuatana, nikitoa moja na jingine linafuata. Nikaogopa nikiuliza habari ya chumvi, hili nalo litatoka nyuma yake. Nikaona bora nisiulize kabisa." Machozi yalimtoka, akaacha yatoke. Modesta alikuwa amepiga magoti, kichwa kwenye mapaja yake. Mimi nilitazama dagaa wangu na sikuona dagaa hata mmoja.

Alexander alikuwa amesimama vile vile, mikono inaning'inia, mtu mzima mwenye mvi asiyejua aende wapi. Mama yake akageuza uso upande aliposikia pumzi zake.

"Daktari alipokuita nje akakwambia, ulikuwa na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Nani alikushika mkono?"

Alexander alikaa chini palepale kwenye mchanga, karibu na begi, akafunika uso. Mama Wilhelmina aliachia ua, akanyoosha mkono mbele yake, akawa anamtafuta mwanawe hewani.